Sauti Isiyo na Jina: Mpigaji wa Besi na Suala la Mtindo

Mhakiki wa fasihi anapotaja mtindo, aghalabu huwa na maana ya zile alama ndogo ndogo zinazomfichua mwandishi hata jina lake lifutwe jaladani: uteuzi wa msamiati, urefu wa sentensi, mahali anaponyamaza. Dhana hii imezoeleka mno katika mijadala ya ushairi na riwaya hata ikasahaulika kwamba sanaa nyinginezo zinayo vilevile, na pengine zinaidhihirisha kwa uwazi zaidi. Makala haya yanalitazama suala hilo kupitia kwa mpigaji wa gitaa la besi, msanii ambaye kwa kawaida husimama nyuma ya wenzake, na ambaye wasikilizaji wengi hutambua kuwapo kwake siku asipokuwapo.

Watunzi wa tenzi za pwani walikuwa na desturi ya kutaja majina yao katika beti za mwisho, ili utungo usije ukaitwa wa mwingine. Mpigaji wa besi hana ubeti wa mwisho. Alichonacho ni mlio wa chombo chake, na mlio huo ndio pekee uwezao kumtia sahihi. Hapana mfano ulio wazi kuliko wa James Jamerson.

Jamerson alizaliwa mwaka 1936 katika jimbo la South Carolina, Marekani, akahamia Detroit mwaka 1954, na huko akajifunza besi kubwa ya mbao, ile ipigwayo kwa kusimama. Tangu mwaka 1959 alipiga katika studio ya kampuni ya Motown, akiwa miongoni mwa kikundi cha wanamuziki wa humo waliojulikana kama Funk Brothers. Alipoligeukia gitaa la umeme hakuyaacha mazoea ya besi ya mbao. Mkono wake wa kulia ulitumia kidole kimoja tu, cha shahada. Gitaa lake la mwaka 1962, aina ya Fender Precision, lilivikwa nyuzi nene zenye uso laini, ambazo inasimuliwa kwamba hakuzibadilisha ila ulipokatika mmoja. Chini ya kifuniko kilicho karibu na mwisho wa nyuzi hizo kulikuwa na kipande cha sponji.

Kila moja la mambo haya lina athari yake. Uzi mpya huwa na ukali wa chuma. Uzi uliokwisha kunywa jasho la vidole hupoteza ukali huo, ukabakiza kiini cha noti. Sponji huukatiza mtetemo mapema, hivyo noti haiburuti wala haiingilii ile inayofuata. Kidole kimoja nacho hulipa kila pigo uzito unaofanana na wa jingine. Matokeo yake ni sauti fupi, nene, ya mviringo, mithili ya ngoma iliyojaliwa kupanda na kushuka.

Hapa ndipo mjadala wa fani na maudhui unapopata ushahidi mzuri. Lau noti za Jamerson zingekuwa ndefu na zenye kung'ara, wingi wake ungeuziba wimbo. Kwa kuwa zilikuwa fupi, aliweza kusema mengi bila ya kumkatiza mwimbaji. Katika "Ain't No Mountain High Enough" ya mwaka 1967, besi haishindi kwenye noti ya msingi kama mlinzi langoni; inatembea, inaruka pigo, inawajibu Marvin Gaye na Tammi Terrell pale wanapovuta pumzi. Mlio uliyawezesha maneno yake, na maneno yakaudai mlio wa namna hiyo. Kuvitenganisha ni sawa na kuuondolea utenzi mizani yake kisha kuuliza kilichobaki kinasema nini.

Waswahili wana methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkasa wa Jamerson unailazimisha methali hii itazamwe upya. Kizuri chake kilijiuza dunia nzima, lakini muuzaji hakuwa yeye. Kwa miaka mingi santuri za Motown hazikuwataja wapigaji wa studio, na ujira wao ulikuwa wa kazi ya studio, si wa fungu la mauzo. Huko Uingereza, Paul McCartney wa Beatles alimfuata Jamerson kama mfano wa kuigwa, na baadaye akakiri kwamba kwa muda mrefu hakulijua hata jina lake. Mwanafunzi alimtambua mwalimu kwa sauti tu. Ni albamu ya Marvin Gaye ya mwaka 1971, What's Going On, iliyovunja mwiko huo kwa kuwataja wanamuziki hao jaladani, Jamerson akiwamo.

Mwaka uliofuata, 1972, Motown ilihamia Los Angeles. Jamerson aliifuata, lakini ladha ya wenye studio ilikuwa inageuka: walitaka nyuzi mpya na mlio unaong'ara. Aliyekataa kubadili nyuzi akaonekana amepitwa na wakati. Pombe nayo ilikuwa imekwisha kumdhoofisha. Alifariki mwezi wa Agosti 1983 akiwa na umri wa miaka 47, siku chache baada ya lile gitaa kuibwa. Heshima rasmi ya Rock and Roll Hall of Fame ilimfikia mwaka 2000, naye akiwa kaburini.

Huenda ikadaiwa kwamba dawa ya haya yote ni jina kuandikwa. Maisha ya Jaco Pastorius yanalipinga dai hilo kwa kiasi fulani. Yeye alilitumia gitaa lililong'olewa vijiti vya chuma shingoni, ubao wake ukapakwa gundi ngumu ya mashua, hata noti zikaweza kuteleza na kulia kama sauti ya binadamu. Albamu yake ya mwaka 1976 ilibeba jina lake mwenyewe, na kundi la Weather Report likamfikisha mbali. Hata hivyo, maradhi ya akili na ukosefu wa makazi vilimwandama, na mwezi wa Septemba 1987 akafariki kutokana na kipigo alichopata nje ya klabu moja huko Florida. Alikuwa na umri wa miaka 35. Jina humhifadhi msanii katika kumbukumbu. Halimlishi wala halimlindi.

Pamoja na hayo, kumnyima msanii jina kwa kuwa jina halitoshi ni kumdhulumu mara mbili. Suala hili haliko mbali na uhakiki wa Kiswahili. Ngano na nyimbo nyingi zilizokusanywa vijijini zimechapishwa zikiwa na jina la mkusanyaji jaladani, ilhali fanani ametajwa kama "bibi mmoja" au "mzee wa kijiji". Mtindo wa bibi huyo umo humo kurasani, katika marudio yake na katika namna anavyoichelewesha habari ya zimwi. Mtafiti hunukuu maneno hayo, huyasifu, hupatia shahada. Mwenyewe amebaki kama besi katika santuri za miaka ya sitini: anasikika na hajulikani.

Kazi ya mhakiki, basi, haiishii katika kuutambua mtindo. Akishautambua, ana deni la kuuliza ni wa nani, kisha kuliandika jina hilo pale linapoonekana, angali mwenyewe yu hai.