Nyumba njema si mlango: Lamu yatufunza kupamba makao yetu

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika mji wa Lamu methali hiyo ina uzito wake, kwani huko mlango wenyewe waweza kumsimamisha mpita njia akasahau alikokuwa akienda. Hata hivyo, msomaji, ukiishia mlangoni, ukapiga picha na kuondoka, utakuwa umekosa somo kubwa la kuipamba nyumba yako, iwe ni jumba la ghorofa au chumba kimoja cha kupanga Kayole.

Safari ya Lamu yataka moyo kidogo. Msafiri wa basi hushuka Mokowe, kisha huvuka bahari kwa mashua. Wa ndege naye hutua kisiwa cha Manda na pia hana budi kuvuka. Ukishakanyaga gati, jiandae kutembea. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba mno kwa gari, na punda akija na shehena ya mawe au mchanga wa kujengea, itakubidi ujibanze ukutani apite kwanza.

Mji huo uliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Lakini ukizitazama nyumba zake kwa nje, huenda ukajiuliza sifa zote hizo zatoka wapi. Kuta ni ndefu na kavu, na madirisha ni machache. Jibu liko ndani, na mahali pazuri pa kulitafuta ni Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa ili wageni waone jinsi watu wa zamani walivyoishi.

Ukuta ndio kabati

Jambo la kwanza utakalogundua ni kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti za mikoko zinazobeba dari. Boriti haiwezi kubeba uzito wa dari la mawe na chokaa ikiwa imenyooshwa mbali mno, kwa hiyo upana wa chumba huwa takriban mita 3 au pungufu. Mjenzi wa Lamu alikuwa na tatizo lile lile linalomsumbua mpangaji wa Nairobi leo: nafasi ni finyu.

Je, alilitatua vipi? Aliiacha sakafu wazi, akaupa ukuta kazi ya kupendeza. Kutoka uani unapita misana, yaani vyumba virefu vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, na kila ukiingia zaidi sakafu inapanda kidogo. Mwisho kabisa ni ndani, chumba cha faragha cha mwenye nyumba. Huko ndiko kwenye ukuta wa zidaka, vijishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja kikiwa na ukingo wa nakshi za chokaa. Humo viliwekwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo, vitabu na vitu vingine vya thamani. Aliyesimama mbali aliona ukuta kama una kina kirefu, na chumba kikaonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Sasa linganisha na sebule nyingi za mjini. Seti ya makochi imejaza chumba, juu yake kuna vitambaa vilivyofumwa, na kando kabati la vyombo limeziba ukuta mzima. Mgeni hupita kwa ubavu. Watoto hawana pa kuchezea.

Huhitaji kubomoa ukuta wa mwenye nyumba ili upate zidaka. Mwombe seremala wa mtaani akuundie visanduku vya mbao visivyo na kifuniko, vyenye kina cha kitabu cha kawaida. Vipake rangi nyeupe ile ile ya ukuta, uvitundike kwa safu zilizonyooka. Kisha zingatia kanuni moja: kila kidaka na chombo chake. Kibuyu kilichonakshiwa, chungu kidogo, au picha ya nyanya kijijini. Ukivirundika vitu vinane mahali pamoja, utakuwa umerudi kwenye kabati.

Chokaa na ukili

Weupe wa nyumba hizo hautoki dukani. Matumbawe huchomwa kwa kuni mpaka yawe chokaa, kisha chokaa hulowekwa na kuachwa ikomae kabla ya kupakwa. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ndiyo maana wataalamu wa majengo ya kale hawapendi kuona simiti ikipakwa juu ya kuta hizo, kwani hufungia unyevu ndani na ukuta ukaanza kubanduka.

Kutoka kwenye weupe huo tunajifunza kwamba rangi moja tulivu yatosha. Juu yake, mbao nyeusi na mkeka mmoja wenye rangi huonekana vyema bila kupigiwa kelele na maua ya pazia.

Na mkeka wenyewe una hadithi. Akina mama wa Lamu husuka miyaa iliyokaushwa, nyingine ikiwa imetiwa rangi, ikawa ukanda mrefu uitwao ukili. Ukili huo hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utimie. Ukiugeuza mkeka na kuutazama kwa makini, utaiona mishono hiyo. Huo ni mtihani mzuri sokoni, kwani mkeka wa plastiki wa kiwandani hauna mshono wa ukili. Ule wa miyaa uweke chini ya meza ndogo, au uutundike ukutani nyuma ya kiti. Usiuache kwenye maji, na usiukunje, uviringishe.

Mlango wa nani?

Turudi sasa mlangoni. Milango ya kale ya Lamu ilichongwa kwa mbao ngumu kama mbambakofi. Katikati husimama mfaa, ule mwimo wenye nakshi unaofunika mahali mabawa mawili ya mlango yanapokutana. Ni kazi ya patasi, nyundo na subira.

Kwa bahati mbaya, uzuri huo ndio unaouponza. Matajiri wa mijini na wa ng'ambo hutamani mlango wa kale kwa ajili ya hoteli au sebule, na mwenye nyumba aliyebanwa na karo au paa linalovuja hushawishika. Jua, msomaji, kwamba sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inauhesabu mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Kuuuza au kuutoa nchini kwataka kibali. Akikujia mtu na mlango wa kale bila karatasi, usinunue, hata akiapa kwamba aliurithi kwa babu yake.

Lililo jema ni kwamba mafundi bado wapo. Ukipita vichochoroni utasikia nyundo zikigonga patasi, na vijana wakijifunza kando ya mafundi wao. Agiza kazi mpya kutoka kwao. Si lazima uanze na mlango mzima. Fremu ya kioo, kasha dogo, au ubao mmoja wa nakshi wa kutundika juu ya mlango wa sebule vitabadilisha nyumba. Kabla ya kulipa, uliza ni mbao gani na kama zimekauka vizuri, maana mbao mbichi zikifika Nairobi hupasuka. Patana bei ya haki, utoe arbuni, umpe fundi muda. Nakshi ya haraka huwa haina kina, na jicho huiona.

Kila kazi mpya inayoagizwa humpa kijana sababu ya kubaki na patasi yake. Nayo nyumba ya kale hubaki na mlango wake, mahali ulipochongewa. Likizo ijayo ya shule, kama mfuko utaruhusu, wapeleke watoto wakauone ungali unafunguka.