Kasoli: Mwewe ana jina, bundi ana mkono!

Mtoto wa mjini ukitajiwa Bariadi unawaza pamba, ng'ombe na vumbi. Sawa, vyote vipo. Lakini Kasoli, kata iliyo ndani ya Wilaya ya Bariadi mkoani Simiyu, ina burudani nyingine isiyo na kiingilio. Unakaa kivulini, unainua shingo, unatazama juu. Huko angani kuna wababe wa kila namna, na huku chini kuna vifaranga wanaojua fika kwamba wao ndio kitoweo.

Mkoa wenyewe bado kijana, umezaliwa mwaka 2012. Upande wa mashariki kuna Pori la Maswa na Serengeti, na ndege hawajui mpaka wala kibali.

Asubuhi, ukishamaliza kuitikia "mwangaluka" ya kila apitaye, sinema inaanza. Kivuli kinapita uani. Kuku anatoa ile sauti yake, vifaranga wanakimbilia mbawani, watoto wanapiga makelele: "Mwewe! Mwewe!" Jamaa anashuka, anakwangua, anapaa. Kama kabeba, mama mwenye kuku anasonya. Kama kakosa, watu wanacheka.

Ubishi ukaanzia hapo. Nani mwenye kucha kali kuliko wote? Vijana wakasema mwewe, maana ndiye wanayemwona kila siku. Mwingine aliyewahi kuishi kando ya Ziwa Victoria akasema furukombe. Mimi nikamtaja bundi. Kimya! Mayu, mama mwenyeji wetu, akanikata jicho: "Huyo mdudu hatajwi hapa, baba."

Basi twende polepole, msomaji wangu.

Kwanza, mwewe. Asikudanganye mtu, huyu hana mkono. Uzito wake haufiki hata kilo moja, miguu midogo, kucha za wastani. Anachojua ni kasi na wizi. Pale Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, watalii wanaokula nje wamenyang'anywa paja la kuku mkononi kabla hawajalitia mdomoni. Huo ni ukwapuzi wa kituo cha daladala, ubondia haumo. Kifaranga anamweza. Jogoo mzima hambebi.

Furukombe ana mkono kweli. Nyayo zake zina vijimiba vya kushikia samaki anayeteleza. Samaki wa kilo moja na ushei anapaa naye. Akikamata jitu zito zaidi, hulikokota juu ya maji hadi ufukweni.

Uzito wa juu kabisa ni tai wa porini, yule mkubwa mwenye tumbo jeupe lenye madoa. Wataalamu wamempa jina la Polemaetus bellicosus, na hilo la pili maana yake ni mpenda vita. Anaweza kupita kilo sita. Huyu anachukua kanga, kenge, hata digidigi. Ndugu yake wa misituni, tai mwenye kishungi, kazi yake ni kuua nyani na ngedere, na ukucha wake wa nyuma ni balaa. Mwaka 1924 huko Taung, Afrika Kusini, lilipatikana fuvu la mtoto wa viumbe wa kale, jamaa zetu wa zamani sana. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke walisema mtoto yule aliuawa na ndege wa aina hiyo. Mwaka 2006 Berger akaongeza ushahidi: alama ndani ya matundu ya macho. Kwa hiyo babu zetu nao walikuwa wakikimbizana na kivuli uani!

Kipanga naye? Shuleni jina hilo wanapewa wenye akili, na inamstahili. Hategemei kubana. Anapiga kwa mwendo, kisha anamaliza kazi kwa mdomo shingoni. Halafu yuko karani tamba, yule mrefu wa nyikani anayetembea kama bwana afya. Yeye anapiga teke. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima teke la mmoja wao wakakuta lina nguvu mara tano ya uzito wake, na mguu unagusa kwa sekunde 0.015 tu. Nyoka anakufa hajajua kimempata nini.

Sasa siri ya kubana. Mishipa inayovuta vidole vya ndege hawa ina vijinundu, na ala yake ina mikunjo. Kidole kikikunjwa, vinaumana, kama ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya: ukishavuta, hairudi. Ndege hachoki, kwa sababu misuli haihitaji kuendelea kuvuta. Na ukiambiwa takwimu za kutisha za kucha, kumbuka dada aliyevaa mchuchumio. Akikukanyaga kwa kisigino unalia, akikukanyaga kwa soli unasema samahani. Uzito ni uleule, ncha ndiyo inayotofautiana.

Na bundi? Hapo ndipo penye utamu. Tai akiwinda mnyama mkubwa humshikilia chini kwa kucha, akaanza kula hata kabla hajafa. Bundi anakamata vidogo, panya hasa, usiku, kwenye nyasi, kwa kusikiliza. Kiganja chake lazima kizibe njia zote na kiue papo hapo. Kwa hiyo kidole kimoja hugeuka nyuma, viwili mbele viwili nyuma, na mfupa wa mguu ni mfupi na mnene ili mbano uwe mkali. Kuna bundi mmoja mkubwa wa Amerika, hazidi sana kilo mbili, lakini kucha zake zikishafunga unahitaji nguvu ya karibu kilo 13 kuzifungua. Ukimpanga na ndege wa uzito wake, huyu ndiye kiboko yao.

Na ndiye tunayemrushia mawe. Akilia juu ya paa, watu wanahesabu nani atakufa. Kumbe aliyekuja ni mlinzi wa ghala asiyedai mshahara. Makadirio yanayotajwa na watafiti ni kwamba panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka. Mwewe wa Kasoli amewahi kula magunia mangapi?

Nilimweleza mayu hesabu hiyo. Alinyamaza kidogo, akauliza kama bundi anakula vifaranga. Nikamwambia wakilala ndani hawagusi. Akasema: "Basi alie huko huko mtini, asije juu ya paa langu." Kwa Kasoli, hayo ni makubaliano makubwa.

Mwenye vifaranga awafungie kwenye tenga wiki za mwanzo, na kelele za watoto ziendelee, zinasaidia. Sumu kwenye mzoga ndiyo isiwekwe kabisa. Atakufa tumbusi na yule tai mpenda vita, ambaye tayari yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Ukienda Bariadi, nenda na shingo ya akiba. Tukutane wiki ijayo, tukijaaliwa.