Pikapu Chini ya Mkorosho

Kitu kikongwe hakiokoki kwa sababu ya ukongwe wake. Aghalabu huokolewa na mtu mmoja mwenye sababu zake, na si ajabu sababu hizo zikawa hazihusiani sana na kitu chenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa pikapu moja aina ya Peugeot 404 iliyokaa chini ya mkorosho, mwendo mfupi kutoka njiapanda ya Kombani, kwa miaka 25, kabla ya aliyewahi kuwa utingo wake kuamua kuifufua.

Msomaji aliyezaliwa juzi huenda asiijue 404. Gari hili lilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limesanifiwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Hata hivyo, katika Afrika Mashariki sifa zake hazikuenezwa na wauzaji bali na matope. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na lililotangulia lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ukaenda kwa Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, wakiwa ndani ya 404. Mwaka 1968 mvua ikarudi kwa kishindo, magari 7 tena yakamaliza, na Nowicki na Cliff wakashinda tena kwa gari lilo hilo. Baada ya hayo, nani angehitaji tangazo? Mwalimu mkuu, mchuuzi wa nazi na bwana shamba wote walitaka pijo, kwani ndivyo jina lilivyotamkwa na ndivyo linavyotamkwa hadi leo.

Pikapu yake ilikuwa na kazi nyingine ambayo Wafaransa hawakuikusudia. Mafundi wa Kenya waliifunika nyuma kwa bodi ya bati, wakatia mbao mbili ndefu, moja huku na moja kule, abiria wakaketi wakitazamana, magoti kwa magoti. Hiyo ndiyo iliyokuwa matatu ya watu wengi, jina ambalo asili yake ni nauli ya mapeni matatu ya senti kumi kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila leseni maalumu, na tangu hapo pijo ikapenya hata kule ambako basi halikuthubutu kwenda.

Kombani ni mahali pa kugawanyikia. Barabara itokayo Likoni hupita hapo kuelekea Tiwi, Diani, Msambweni na hatimaye Lunga Lunga, mpakani mwa Tanzania. Nyingine hupinda kulia, ikapanda vilima vya Shimba kupitia Golini hadi mjini Kwale, kisha ikashuka kuelekea Kinango. Asubuhi pikapu iliteremka Likoni na magunia ya korosho, madafu, maembe, mbuzi wawili watatu, na watu. Jioni ilirudi na unga, sukari, mafuta ya taa, na watu wale wale wakiwa wamechoka zaidi.

Utingo alianza kazi hiyo mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 19. Pikapu ilikuwa ya mjomba wake, ndugu wa mama. Kazi yenyewe ilikuwa kuning'inia nyuma, kukusanya nauli, kupandisha mizigo, na kugonga bodi kwa kiganja: mara moja simama, mara mbili twende. Usukani ulikuwa mikononi mwa dereva aliyetoka bara, mtu mzima kidogo kumpita, aliyekuja Pwani kutafuta riziki na kukodi chumba nyuma ya maduka ya Kombani. Huyo ndiye aliyemfundisha utingo kuendesha, usiku, gari likiwa tupu, katika mteremko wa Golini. Gia ya 404 haiko sakafuni. Iko kwenye shingo ya usukani, na ya pikapu ile ilikuwa na tabia ya kukwama kati ya namba moja na namba mbili. Ikikwama, dereva alishuka, akafungua boneti, akafanya jambo kwa mkono, akarudi. Kwa miaka 9 utingo hakuwahi kushuka kutazama ni jambo gani. Kulikuwa na haja gani? Mwenye kulijua alikuwapo.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Polisi waliuawa, silaha zikachukuliwa, na katika siku na majuma yaliyofuata watu wa bara waishio kusini mwa kivuko wakawa ndio windo. Zaidi ya watu 100 waliuawa na takriban 100,000 wakayahama makazi yao. Tume ya Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, ililisikiliza pia suala la Likoni, na ushahidi kuhusu mkono wa wanasiasa katika mwaka ule wa uchaguzi ukatolewa hadharani. Lakini ripoti haimrudishi mtu kwenye chumba chake cha kupanga. Yafaa pia isemwe, maana mara nyingi husahauliwa, kwamba vijana wa Kidigo wasiokuwa na hatia walikamatwa na kupigwa katika misako iliyofuata. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na sababu ya kujificha.

Alfajiri ya siku ya tatu, dereva alilala nyuma ya pikapu chini ya magunia matupu, na utingo akashika usukani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuendesha gari hilo katika barabara kuu. Hakutia gia namba moja mpaka Likoni. Aliondokea namba mbili kila aliposimama, akichelea ile gia isikwame pasipo mtu wa kuikwamua. Kivukoni umati ulikuwa mkubwa. Dereva aliruka, akaingia feri kwa miguu pamoja na wengine waliojitwika magodoro, na hapakuwa na nafasi ya kuagana. Utingo akageuza gari, akarudi nalo Kombani, akaliegesha chini ya mkorosho wa mjomba. Abiria walikuwa wameadimika, utalii wa Diani ukaanguka, na kijana kuonekana barabarani kulikuwa hatari. Pikapu haikuondoka tena.

Mjomba alifariki baadaye, na hapo ndipo gari lilipogeuka kuwa mali. Kwa mila ya kale ya Wadigo, urithi ulifuata upande wa mama: mpwa alimrithi mjomba wake. Uislamu nao unawapa watoto wa marehemu haki yao, na kwa miongo mingi taratibu hizi mbili zimekuwa zikivutana katika nyumba za Kwale, wakati mwingine kwa staha, wakati mwingine kwa matusi. Katika nyumba hii zilivutana kwa staha. Wana wa mjomba walisema gari ni lao kisheria, na utingo, ambaye sasa alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, hakubisha. Wao waliona chuma.

"Kaka, chuma ni chuma," alisema mmoja wao. "Wa vyuma chakavu atakuja na mizani yake."

Mapema mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini kote, kwa sababu ya uharibifu wa nguzo za umeme na mali nyingine ya umma. Katazo hilo liliondolewa baada ya miezi michache tu, lakini miezi hiyo ilimtosha utingo. Aliuza mbuzi, akadai madeni, akaomba kidogo kwa mwanawe afanyaye kazi hotelini Diani. Mizani iliporuhusiwa kurudi, ilimkuta na fedha mkononi, naye akalipa bei ile ile ambayo mwenye mizani angelipa. Hivyo mpwa akanunua kwa kilo kile ambacho mababu zake wangempa bure.

Mkewe aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza. "Mzee, gari hili litakupeleka wapi?" Paa la nyumba lilikuwa likivuja upande wa jikoni. Hakupata jibu, na kwa kweli jibu la maana halikuwapo. Paa lilitengenezwa kwanza. Hilo lilikuwa sharti la mke, na lilikuwa sharti la haki.

Kazi ya kufufua ilichukua muda kuliko ilivyotarajiwa, kama kazi zote za namna hiyo. Upepo wa bahari haufiki Kombani kwa nguvu kama ufikavyo Tiwi, ila miaka 25 ni mingi. Kutu ilikuwa imekula sehemu za chini za milango na sakafu upande wa utingo, mahali ambapo maji ya mvua yalituama. Chesisi, kwa bahati, ilikuwa imelindwa na oili iliyovuja kwa miaka mingi. Uzembe wa zamani ulikuwa umegeuka dawa. Panya walikuwa wamekula nyaya. Injini ya 404, ambayo imelazwa ubavu badala ya kusimama wima, ilikuwa imekaza. Fundi, kijana wa jua kali ambaye hakuwa amezaliwa gari lilipoegeshwa, alitoa plagi, akamimina oili na dizeli katika kila silinda, akaacha. Akaja kesho, akaongeza. Majuma mawili yalipita. Siku moja wakatia hendeli mbele, chini ya bampa, wakasukuma kwa pamoja, na injini ikajigeuza nusu mzunguko kwa mlio kama wa mtu anayesafisha koo.

"Iko hai, mzee," fundi alisema.

"Polepole, mwanangu. Usiivunje sasa."

Kabureta ilifunguliwa na kusafishwa. Mipira ya breki ilitafutwa Mombasa. Vipuri vingine vilitoka kwa maiti ya pikapu nyingine huko Kinango. Sakafu ikakatwa na kuchomelewa bati jipya. Fundi alitaka kupiga rangi kila mahali, na hapo ndipo pekee walipogombana. Kwenye kilango cha nyuma kulikuwa na maneno mawili yaliyoandikwa kwa brashi na dereva, "Polepole Utingo", herufi zikiwa zimepauka. Fundi aliyaona ni uchafu. Mwenye gari alisema kilango kitabaki hivyo. Kikabaki: gari zima la kijani kibichi, na mgongo wenye ukurutu.

Kuna wanaofufua magari ya kale kwa njia nyingine. Jijini Nairobi, tangu mwaka 1970, hufanyika maonyesho ya Concours d'Elegance, ambapo waamuzi huchungulia hadi chini ya gari kutafuta chembe ya vumbi. Mashindano ya Safari Classic nayo, yaliyoanza mwaka 2003, huyarudisha barabarani magari ya enzi hizo kwa gharama ambayo mtu wa Kombani haifikirii. Hakuna ubaya wowote. Fedha ni zao na magari hupona. Lakini huko gari hurejeshwa katika siku lilipotoka kiwandani. Pikapu ya Kombani inarejeshwa katika siku fulani ya kazi.

Na siku zile hazikuwa njema kama zinavyosimuliwa. Watu zaidi ya 20 walishindiliwa ndani ya bati, breki zilikuwa suala la imani, askari wa barabarani alikuwa na fungu lake, na utingo alilipwa alichobahatika kulipwa. Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, zikiwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, abiria wengi walishukuru, nao walikuwa na haki ya kushukuru. Mwenyewe hakatai. Ukimsikiliza kwa makini utagundua kwamba hazililii enzi zile. Anachokitaka ni kidogo zaidi, na pengine kigumu zaidi: kipindi ambacho watu wawili, mmoja wa Kwale na mmoja wa bara, walikula sahani moja mchana chini ya mkorosho ule bila mtu kuona kuwa hilo ni jambo.

Gari lilipowaka, lilikwama pale pale. Namba moja, kisha kimya. Fimbo ya gia haikwenda juu wala chini. Fundi alijaribu kila alichokijua, lakini gia za namna hiyo hakuwahi kuzishika. Ndipo utingo alipoanza kuulizia. Mwanamke aliyekuwa akiuza chai Likoni miaka hiyo alikuwa na namba ya mtu aliyekuwa na namba ya mtu. Ilichukua mwezi.

"Salaam aleikum, dereva."

Upande wa pili palikuwa kimya. Kisha: "Utingo?"

Waliulizana hali, watoto, wajukuu, magoti. Kisha dereva akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia jamaa mgonjwa, "Ile gia bado inakwama kati ya moja na mbili?"

"Imekwama sasa hivi. Nimesimama mbele yake."

"Usiilazimishe. Fungua boneti. Fuata shingo ya usukani mpaka chini, utaona vyuma viwili vimelala pamoja. Kimoja kimepanda juu ya mwenzake. Kisukume kwa kidole gumba mpaka vilingane."

Fundi alishika simu, mzee akainama. Mlio mdogo ulisikika.

"Vimelingana."

"Basi. Ndiyo yote. Baadaye mkate kipande cha mpira wa tairi mkitie pale katikati, isirudie."

Walizungumza karibu nusu saa, yote yakiwa ya gia, ya klachi, na ya mteremko wa Golini wakati wa mvua. Ile alfajiri ya kivukoni haikutajwa na yeyote. Kabla ya kukata simu dereva aliuliza kama zile mbao za kukalia zimerudishwa. Utingo alimwambia umerudishwa upande mmoja. Ubao wa pili fundi wa mbao bado anaupiga randa.