Jino Lililolala

Nilikuwa na miaka 26, mwalimu wa Kiswahili hapa Bunda, jino lilipoanza kuniota nyuma kabisa, chini upande wa kulia. Nilifurahi, sitawaficha. Gego la mwisho huota kati ya miaka 17 na 25 kwa watu wengi, wengine tunachelewa. Siku hizi linaitwa jino la hekima, nami nikawatangazia wenzangu ofisini kwamba hatimaye akili zimefika.

Zikafika na uvimbe.

Jino lilitokeza kichwa tu, nusu yake imefunikwa na ufizi. Chini ya ule ufizi pakawa kama mfuko: chembe za ugali, vichwa vya dagaa, kila kilichoingia hakikutoka. Kila baada ya miezi miwili mitatu ufizi unavimba, sikio linauma, mate yanakuwa machungu. Dawa yangu ilikuwa duka la dawa: vidonge vya amoksilini, karafuu ya kubana jinoni, na maumivu yakitulia siku ya tatu, vidonge vilivyobaki vinarudi kabatini kusubiri duru ijayo. Nilikwenda hivyo mwaka mzima na ushee.

Kwa nini sikwenda kwa daktari wa meno? Hofu ilikuwepo, lakini kulikuwa na kitu kingine nilichotoka nacho nyumbani.

Nimelelewa na bibi yangu, Butiama. Kwetu Wazanaki, vijana wa zamani walichongwa meno ya mbele. Tazama picha za Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa pale pale kijijini mwaka 1922: meno yake ya juu ya mbele yamechongwa yakawa na ncha. Kazi ile haikuwa na sindano ya ganzi. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba kaka zake walikaa kimya mpaka mwisho, na ambaye angelia angechekwa mpaka anaoa. Basi mtoto ukilalamika kwamba jino linauma, Bibi anakuuliza swali moja tu: "Kwani wewe ni wa wapi?" Halafu anacheka, ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, kama alivyocheka siku zote.

Kulikuwa pia na lile la macho, kwamba uking'oa jino la juu unapofuka. Si kweli, na langu lilikuwa la chini, lakini hofu haiulizi juu wala chini.

Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi mbivu nilikuwa nazo mezani, ndizi za Tarime, wiki moja ya kusahihisha mitihani, na mdomo haukufunguka hata kupitisha kidole. Uvimbe ulikuwa umeteremka chini ya taya. Kumeza mate ikawa kazi ya kujiandaa. Mwalimu mwenzangu, mama mtu mzima, alinishika kidevu, akaniangalia, akasema, "Mdogo wangu, hili la shingo halisubiri Jumatatu." Akanipandisha Haisi ya Musoma yeye mwenyewe, akalipa na nauli.

Daktari wa Musoma alikuwa dada mpole asiyeficha neno. "Mwalimu, ungechelewa kidogo, ungeletwa hapa huwezi kupumua." Akanieleza: usaha wa magego ya chini una njia ya kwenda chini ya ulimi na shingoni, na uvimbe ukijaa huko unaziba koo. Hali hiyo imepewa jina la Ludwig, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1836. Nilikuwa nimezoea kusema jino linatesa. Sikuwahi kuwaza kwamba linaua.

Siku ile hakung'oa. Alisafisha ule mfuko kwa maji akitumia bomba la sindano, akanichoma dawa, akanipa nyingine na kuniambia, "Hii dozi unaimaliza. Kabatini kwako haina kazi." Kisha akanipiga picha ya eksirei. Jino lilikuwa limelala ubavu, kama abiria aliyepitiwa na usingizi kwenye basi, kichwa kakiegemeza begani kwa jirani. Na jirani alikwisha kuanza kuoza.

Nikarudi baada ya wiki mbili. Alinionya kabla sijatia sahihi: mshipa wa fahamu unapita karibu na mizizi, mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi, mara nyingi kwa muda, mara chache moja kwa moja. Kisha sindano, na nusu ya uso wangu ikaondoka. Alipasua ufizi, akachimba mfupa kidogo, akalikata jino vipande na kukitoa kimoja kimoja. Maumivu hapana. Unachosikia ni kusukumwa, na mlio ndani ya fuvu kama mtu anakata bati chumba cha pili.

Pale kitini nilimkumbuka Shylock, anayeruhusiwa kukata ratili yake ya nyama ilimradi damu isidondoke hata tone. Mwalimu aliitafsiri tamthilia hiyo, ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Daktari wangu hakuwekewa sharti hilo. Damu ilikuwepo, akaikausha, akashona nyuzi tatu, akanipa pamba ya kung'ata.

Masharti yalikuwa yangu: leo usisukutue, usiteme mate kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara, kwa sababu damu iliyoganda ndiyo kifuniko cha kidonda, na ikitoka mfupa unabaki wazi na maumivu yake utayasimulia. Barafu shavuni. Uji uliopoa. Kuanzia kesho, maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nilipita Mwigobero nikawaona sato wanakaangwa, nikageuza uso.

Picha ilionyesha pia jino la kushoto, nalo limelala. Nikamwambia alitoe, tumalize. Akakataa: halijauma, halijaoza, halimsumbui jirani. Uingereza, tangu mwaka 2000, mwongozo wao wa afya unasema vivyo hivyo, jino lililolala bila ugonjwa lising'olewe kwa sababu tu limelala. Tunalichunga, kila mwaka nalipeleka likaonekane.

Uvimbe ulipoisha nilishuka Makutano, nikachukua bodaboda hadi Butiama. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mume wangu. Haya, lilete nilione." Nikafungua karatasi. Alivigeuza vile vipande kiganjani, vitatu, vidogo kama punje za mahindi.

"Haka ndiko kalikotaka kukuua?"

Nilimsimulia yote, shingo, Haisi, sindano ya ganzi. Kwenye ganzi alinisimamisha. "Hukusikia kitu? Kabisa?" Kabisa, Bibi. Alinyamaza muda mrefu, akitazama vile vipande. Kisha akaishusha ile kanga, akafungua mdomo na kunionyesha kwa kidole, nyuma, kushoto. Gego lilikuwa shimo jeusi, ufizi umevimba na kung'aa. Nikamuuliza tangu lini. Akasema hakumbuki mvua ngapi, ila babu alikuwa bado hai. Babu tumemzika mwaka 2014.

Miaka yote ile nilidhani kanga ni adabu ya wazee.

"Hilo ni la chini," akasema, "macho halitayagusa, sivyo?"

"Hata lingekuwa la juu, Bibi."

Jumatatu tulikuwa Makutano saa moja asubuhi, tunasubiri gari la Musoma. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Njia nzima aliniuliza habari za sindano ile.