Kushuka Ngomo na mkono uliovunjika

Wengi wetu tunaijua njia ya Uvira kwa sababu ya biashara. Ndagala wanapanda kuja Bukavu, mchele wa bonde unapanda, na sisi tunashuka na nguo, maharagwe na barua za harusi. Mimi nilishuka kwa sababu dada yangu alikuwa amejifungua. Ilikuwa likizo kubwa, mwezi wa saba, wakati vumbi linaingia mpaka ndani ya meno.

Kwenda Uvira ni safari ya kuteremka kweli. Ziwa Kivu liko kwenye mita zipatazo 1460 juu ya bahari, na Tanganyika kwenye mita zipatazo 770. Mto Ruzizi unatoka ziwa la kwanza na kuingia la pili, nasi abiria tunateremka pamoja nao. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wanaifanya hesabu hiyo ubaoni, lakini mwili unaielewa zaidi: sweta uliyovaa asubuhi Bukavu, Kamanyola unaivua na kuikalia.

Kufika Kamanyola kuna njia mbili. Moja inavuka upande wa Rwanda na kupitia Bugarama. Ni nzuri, ila inataka karatasi na pesa za mpaka. Nyingine inabaki kwetu, inapitia Nyangezi na mteremko wa Ngomo. Mwenye haraka na pesa anapita Bugarama. Mama mwenye mfuko wa maharagwe na dola chache anapita Ngomo na kusali.

Ngomo ni mlima uliokatwa ubavuni kuchonga barabara. Upande mmoja kuna ukuta wa udongo na mawe, upande mwingine kuna bonde ambalo ni afadhali usilitazame. Ukiwa juu unaona uwanda wa Ruzizi umelala chini, mpana, wa rangi ya majani makavu, na mto unang'aa kama ukanda wa bati. Ni uzuri mkubwa. Sijui kwa nini hatuusimulii, labda kwa sababu kila mtu pale anatazama magurudumu.

Siku ile lori la saruji lilikuwa limekufa katikati ya kona, na basi letu dogo lisingeweza kupita. Tulingoja saa mbili. Mwishowe vijana wa pikipiki walikuja kutushusha mmoja mmoja mpaka Kamanyola, ambako tungepata gari lingine. Kijana wangu aliendesha polepole, sina neno juu yake. Kwenye kona ya tatu au ya nne mawe yaliteremka kutoka ukutani, akakwepa moja, gurudumu likateleza kwenye changarawe. Nilianguka upande wa kulia, mkono ukiwa mbele.

Nilisikia sauti kabla ya maumivu. Ilikuwa kama kijiti kikavu cha muhogo kinapovunjwa kwa goti. Kisha kukawa na kitambo kidogo cha kimya, labda cha kuvuta pumzi mara mbili, ambacho niliweza kuona kwamba kiganja changu kimekaa mahali pasipo pake. Halafu yakaja. Nimezaa watoto wawili, na watu huniuliza kama yalizidi uchungu wa kuzaa. Hayafanani. Uchungu wa kuzaa unakuja na kuondoka, unakupa nafasi ya kuomba maji. Haya yalikaa. Kila nilipovuta pumzi yalipanda mpaka begani, jasho baridi likanitoka, nikatapika chai ya asubuhi juu ya kikwembe changu kizuri.

Kijana alikuwa amechubuka goti tu. Alikata boksi la sabuni, akaukunja ule ukarasa mgumu kama mfereji, akaulaza mkono wangu ndani yake na kuufunga kwa kitambaa, kisha akautundika shingoni mwangu. Hakuvuta kitu, hakukanda kitu. Nilimwuliza amejifunza wapi, akasema kwa wenzake wa pikipiki, maana wao huanguka mara nyingi. Baada ya kufungwa vile maumivu hayakuisha, lakini yalikuwa yamepata mahali pa kukaa.

Tulishuka hivyo, mimi nikiwa nyuma yake kama mzigo wa mayai. Shimo moja la barabara linajulikana kwa macho. Mimi nayajua yote ya Ngomo kwa mfupa.

Kamanyola ni mji wa soko, joto na kelele. Abiria wenzangu walinionea huruma, na huruma ya watu ina mikono mingi. Mama mmoja alisema lopitali watanikata mkono. Mwingine alisema kuna mzee anayeunga mifupa, amewaunga watu hata wa ng'ambo ya mto. Kabla sijajibu mzee alikuwa amekwisha kuitwa. Alikuwa mtu mpole, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto. Kisha wanaume wawili wakanishika mabega, naye akauvuta mkono.

Hapo nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu. Na pale pale nikasikia yale maneno yetu: «Jikaze, wewe ni mama.» Tunayasema wodini, tunayasema kwa msichana anayezaa mara ya kwanza, tunayasema kwa mtoto wa miaka minne aliyemwagikiwa na uji. Nataka kusema kama mwalimu kwamba maneno hayo hayaungi mfupa. Yanamfundisha mgonjwa kunyamaza tu, na mgonjwa aliyenyamaza hatoi habari.

Mzee alizungusha vipande vya mwanzi kuanzia karibu na kiwiko mpaka kwenye vidole, akavikaza kwa kamba za mpira wa gurudumu. Alikaza sana. Alisema mfupa unapenda kubanwa. Nikapata nafasi kwenye gari la Uvira, karibu na dirisha.

Kutoka Kamanyola barabara inanyooka. Unapita Luvungi, Bwegera, Luberizi, milima ya Burundi ikiwa mbali upande wa kushoto na milima yetu upande wa kulia. Kuna ng'ombe, kuna mashamba ya mchele yenye maji, kuna watoto wanaouza maembe yakiwa na msimu. Kwa mtu aliyetoka kwenye baridi ya Bukavu ni kama nchi nyingine. Karibu yangu aliketi mama wa umri kama wangu, muuza mchele, mwenyeji wa Sange. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu kutoka bega mpaka kifundo, ngozi imekunjana kama karatasi iliyopata maji, na kovu lilipanda shingoni.

Aliniuliza kama mkono unaniuma. Nikamwambia kwa furaha kwamba sasa afadhali, haunisumbui tena, hata vidole sivisikii. Akaacha kutafuna muwa wake.

«Hauvisikii namna gani, madamu?»

Akashika vidole vyangu. Vilikuwa baridi katika gari ambalo sote tulikuwa tunatoka jasho, na kucha zilikuwa na rangi ya mbilingani. Akaniambia nivisogeze. Havikusogea. Akavinyoosha yeye mwenyewe, polepole sana, na hapo uchungu mkali ukapita ndani ya mkono, sehemu ya chini, ambako mfupa haukuvunjika.

Alimpigia kelele shofa asimame. Wengine walinung'unika, kwa sababu jua lilikuwa linashuka na hakuna anayependa kuchelewa kwenye njia ile. Mama yule hakuwasikiliza. Aliomba kisu kwa mwuza nanasi, akakata kamba za mpira moja baada ya nyingine. Bangili yangu ya shaba, ambayo hakuna aliyekuwa ameifikiria, ilikuwa imezama ndani ya uvimbe. Akaipaka sabuni na maji mpaka ikatoka. Kisha akaurudisha mkono kwenye lile boksi la kijana wa pikipiki, ambalo kwa bahati nilikuwa nimelitia ndani ya mfuko, akalifunga kwa kitenge, bila kukaza.

Damu iliporudi, maumivu yalirudi nayo. Niliuma mtandio wangu. Yalikuwa mabaya kuliko ya Ngomo, kama mtu anayemimina maji ya moto ndani ya mishipa. Mama akawa anacheka kidogo, machozi yakiwa machoni pake. «Lia, madamu, lia. Sasa uko unasikia.»

Ndipo, tukiwa tunakaribia Sange, alinisimulia. Kila mtu wa bonde anaijua tarehe 2 mwezi wa saba 2010. Jioni hiyo lori la mafuta lilipinduka katikati ya Sange. Watu walikuja na bidoni na masufuria kuchota. Wengine walikuwa ndani ya nyumba za kutazamia mpira, kwa sababu zilikuwa siku za Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Watu zaidi ya 230 walikufa, wengi wakazikwa katika kaburi la pamoja, na majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu.

«Wanasema sisi wote tulikimbilia mafuta,» alisema. «Mimi nilikuwa nyumbani, ninapepeta mchele.» Moto ulimfuata huko. Na hata waliokimbilia, aliendelea, ni nani aliye na haki ya kumcheka mtu anayeona mshahara wa mwezi unamwagika chini? Sikuwa na jibu, wala leo sina.

Alichojifunza lopitalini ndicho kilichouokoa mkono wangu. Mahali pa juu juu palipoungua kidogo palimuuma mpaka akatamani kufa, hasa asubuhi za kubadilisha bandeji. Lakini juu ya kiwiko, palipokuwa peupe na pakavu kama ngozi ya ngoma, hapakuuma hata kidogo. Alifikiri hapo amepona. Munganga akamwambia ni kinyume: moto uliingia ndani sana, ukaunguza hata mishipa inayopeleka habari ya maumivu. Tangu siku hiyo, alisema, yeye haogopi kidonda kinachopiga kelele. Anaogopa kile kilichonyamaza.

Akanionyesha kiwiko. Hakinyooki hadi mwisho. Kovu la moto linapokauka linajivuta, na usipouweka mkono umenyooka unaweza kuganda umekunjwa. Miezi mingi alilala mkono ukiwa umefungwa kwenye ubao, na kila asubuhi mama yake alimnyosha huku wote wawili wakilia. Bila kazi ile, alisema, leo asingeweza kuinua gunia. Binti wa jirani yao aliyeachwa alale alivyopenda, mkono wake umeshikamana na ubavu mpaka sasa.

Tulizungumza pia juu ya jikoni, kwa sababu wamama wawili hawawezi kusafiri bila kufika jikoni. Kwake, akisikia mtoto ameungua kwa mbabula au kwa maji ya ugali, hakimbilii dawa ya meno, wala mawese, wala majivu. Anammwagia maji safi ya baridi ya kawaida mahali palipoungua, na anaendelea dakika 20, huku sehemu nyingine za mwili zikiwa zimefunikwa ili mtoto asipate baridi. Nguo iliyogandamana na ngozi haivuti. Kisha anafunika kidonda kwa kitambaa safi na kwenda kituo cha afya. Majirani wanamwona mchoyo wa dawa. Yeye anasema dakika 20 za maji ni ndefu kuliko misa ukiwa na mtoto anayelia mikononi.

Tulipofika Sange giza lilikuwa linaingia. Nyumba ziko, maduka yako, vijana wanacheza muziki barabarani, na mgeni asiyeambiwa atapita bila kujua. Nilidhani atashuka hapo. Alimwita mdogo wake dirishani, akampa magunia, akabaki garini. Alisema atarudi kesho, kwamba mtu mwenye vidole vya namna ile haachwi peke yake usiku. Tukapita Runingu, tukaona taa za Kiliba kwa mbali, kule kilikokuwa kiwanda cha sukari, kisha upepo wa ziwa ukaingia dirishani na nikajua tumefika Uvira.

Lopitalini walinipiga radio. Mifupa miwili ilikuwa imevunjika karibu na kifundo. Safari hii walinidunga sindano ya kutuliza maumivu kwanza, ndipo wakaurudisha mkono mahali pake, na sikulia. Waliniwekea platre. Munganga wa zamu, msichana mdogo kuliko mimi, alinieleza bila haraka: uweke mkono juu ya mto, usogeze vidole kila saa, na vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, urudi hata saa nane ya usiku, usingoje asubuhi. Mama wa Sange alikuwa amesimama mlangoni anaitikia kwa kichwa kama mwalimu mkaguzi.

Nilikaa na platre majuma sita. Mtoto wa dada yangu nilimbebea kwa mkono wa kushoto. Septemba niliingia darasani nikaandika ubaoni kwa mkono huo huo, wanafunzi wakacheka, nami nikacheka. Kidole cha mwisho bado kina ganzi kidogo ncha yake, na wakati wa baridi ya Bukavu kifundo kinanikumbusha Ngomo kabla sijaamka.

Mchele wetu wa nyumbani sasa unatoka Sange. Ananitumia kwa gari la Jumatano, na juu ya gunia anaandika kwa makala jina langu na neno moja la kuuliza: «Vidole?»