Toka Baridi ya Makete mpaka Joto la Mbwera

Kila serikali inapotangaza majina ya walimu na waganga wapya, jamaa nyingi za nyanda za juu hukusanyika na kuulizana habari za mahali ambapo hawajapata kupasikia. Pamoja na mahali pa namna hiyo ni Mbwera, katika delta ya mto Rufiji, Wilaya ya Kibiti.

Tuseme basi kwamba jina lililotoka ni lako. Wewe ni mwalimu kijana wa Makete. Ulifunga ndoa kanisani baada ya mavuno, na barua imefika kabla sare za arusi hazijachakaa. Wazee wanakaa kitako, na swali la kwanza si la mshahara. Swali ni hili: Je, mke aende na mumewe, au abaki nyumbani kwa wakwe mpaka mume apate uhamisho? Mama mmoja atasema, "Mtoto wetu atakufa kwa homa." Baba mwingine atasema, "Mwaka mmoja si mwingi." Swali hili si dogo, maana laweza kujenga ndoa changa au kuibomoa. Kabla ya kulijibu, twende kwanza tukaione nchi yenyewe.

NJIA YA KWENDA

Makete unapajua. Uwanda wa Kitulo uko juu ya bahari kadiri ya mita 2,600, na mwezi wa Juni na Julai asubuhi majani huwa meupe kwa sakitu. Watoto huvaa sweta kwenda shuleni, na jamaa huzunguka moto jikoni mpaka wakati wa kulala. Mbwera iko karibu sawa na usawa wa bahari. Safari yako yote ni ya kuteremka.

Utapita Njombe, Makambako na Iringa. Ukishuka mlima wa Kitonga na kuiona mibuyu chini yake, hapo ndipo utakapovua sweta, wala hutaihitaji tena. Utapita Mikumi na Morogoro mpaka Dar es Salaam. Kutoka Mbagala utashika barabara ya kusini kwa Mkuranga. Ukifika Bungu, njia ya kushoto yakupeleka Nyamisati, bandari ya watu waendao delta na kisiwa cha Mafia. Hapo gari limekwisha, na mashua inaanza. Iko na njia ya nchi kavu: unapita Kibiti, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kisha unaelekea Muhoro na Mbuchi. Lakini wakati wa masika, kabla ya kushika njia hiyo, waulize kwanza wenyeji kama inapitika.

Ukiwa ndani ya mashua utaona jambo ambalo mtu wa milimani hakulizoea. Hakuna kilima. Pande zote mbili ni ukuta wa miti iliyosimama majini kwa mizizi yake kama watu waliokunja suruali. Hiyo ndiyo mikoko. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa kadiri ya hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania bara, na hakuna msitu wa mikoko mkubwa kama huo katika Afrika Mashariki yote. Wenyeji wanaijua kila aina kwa jina na kwa kazi yake: mkoko na mkandaa, mchu na mlilana, msinzi na mkomafi. Zamani majahazi yalipakia boriti hapa na kuzipeleka mpaka Arabuni, na nyumba za miji ya jangwani, kusikoota miti, zikaezekwa kwa miti ya Rufiji. Leo kukata mikoko kunataka kibali, na tangu mwaka 2004 eneo hili la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya mataifa ya ardhi zenye maji zinazostahili kulindwa.

JOTO LISILOKAUKA

Sasa umefika. Neno la kwanza mke wako atakalosema ni, "Mbona sipumui?" Usimcheke. Joto la Mbwera si kali kuliko yote duniani. Katika miji ya jangwani jua huwaka zaidi, ila hewa ni kavu, na jasho likitoka hukauka upesi na kuupoza mwili. Delta imezungukwa na maji. Hewa yenyewe imelowa. Jasho hutoka likabaki ngozini, na mwili haupoi. Kwa sababu hiyo mtu wa baridi huchoka kabla hajafanya kazi yo yote, hukosa usingizi, na huwa mwepesi wa kukasirika.

Kumbuka jambo moja: mwili hujifunza. Kwa kawaida huchukua siku 7 mpaka 14 kuzoea joto, mradi usiulazimishe. Katika majuma hayo mawili fanya kazi asubuhi na mapema, pumzika jua la mchana, kunywa maji hata kama huna kiu, vaa nguo nyepesi za pamba. Na nyinyi wawili msitoe uamuzi wo wote mkubwa kabla ya majuma hayo kupita. Maneno mengi ya "nirudishe kwetu" si maneno ya moyo; ni maneno ya mwili uliochoka. Miezi ya joto kubwa ni Desemba mpaka Machi. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, usiku huwa mzuri.

SAA YA MBWERA NI MWEZI

Makete mliishi kwa kuangalia mvua na sakitu. Mbwera mtaishi kwa kuangalia mwezi. Kwa siku moja maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huwa bamvua: maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati yake ni maji mafu. Mkondo uliopita asubuhi kwa mashua waweza kuwa matope matupu mchana. Kwa hiyo mgonjwa, mgeni, barua na gunia la unga vyote husubiri maji. Mtu asiyejua mwezi atakaa ufukweni akilalamika. Anayejua atalala nyumbani kwake na kuondoka kwa wakati. Basi juma lile la kwanza mwombe mzee mmoja akufundishe hesabu hii, naye atafurahi kumfundisha mwalimu.

Maji yamejaa kila upande, lakini maji ya kunywa ni shida. Visima vingi vya delta huingia chumvi, hasa kiangazi. Kinga mvua kwa kila chombo ulicho nacho, na maji ya kunywa yachemshe. Usioge mtoni wala usichote maji mahali ambapo wenyeji hawachoti, maana mamba na viboko wamo.

Chakula si haba. Hapa ni nchi ya mpunga, nazi, samaki, kamba na kaa. Wakati wa mpunga kuiva jamaa nzima huhamia shambani na kukaa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, wakifukuza ndege mchana na nguruwe mwitu usiku. Jua hili mapema, mwalimu, maana watoto wengine watakosekana darasani. Usianze kwa kuwapiga. Anza kwa kwenda kuwaona wazazi wao huko huko kwenye dungu. Viazi vyenu vya Makete mtavikumbuka sana.

Wala usidhani maji ya delta ni mpole siku zote. Mwezi wa Aprili 2024 Rufiji ilifurika ikafunika mashamba na nyumba nyingi za Rufiji na Kibiti, na tarehe 4 Mei mwaka ule ule kimbunga Hidaya kikaifikia pwani hii. Watu wa delta walianza upya, kama wazee wao walivyokwisha kufanya mara nyingi.

HOMA

Hapa yule mama aliyeogopa ana haki. Huko juu kwenye baridi mbu wa malaria ni wachache, na mwili wa mtu wa huko haujazoea kupigana na homa hii. Mtu wa pwani aliyeugua tangu utoto huwa na kinga kidogo, wewe huna. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika mikondo hii hii mpaka Waingereza walipoiharibu tarehe 11 Julai 1915. Wanamaji wake walikuwa vijana wa nchi ya baridi, na wengi waliugua homa katika miezi ile.

Lakini leo dawa ipo na kinga ipo. Laleni ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, si tangu mtakapopata mshahara. Homa ikimshika mmoja, apimwe siku hiyo hiyo. Mbwera kuna kituo cha afya. Asinywe vidonge kwa kukisia. Na mke akiwa na mimba, aanze kliniki mapema, maana malaria humdhuru mama na mtoto tumboni. Huko atapewa vidonge vya SP kuanzia mwezi wa nne wa mimba. Ikiwa mimba imekaribia kuzaa, au mtoto ni mchanga kabisa, yafaa mume atangulie majuma machache, atafute nyumba, atundike chandarua, ajue njia ya kituo cha afya, kisha amlete mkewe. Hiyo ndiyo busara. Lakini asitangulie kwa mwaka mzima.

JIRANI

Watu wa Mbwera kwa wingi ni Waislamu. Nyinyi mtakuwa Wakristu wachache kati yao. Wasalimuni wazee kwa shikamoo, pigeni hodi na kungoja karibu. Mke awe na doti za kanga. Mwezi wa Ramadhani msile hadharani mchana. Wakiwaita kwenye futari, nendeni. Kwenye msiba msikose. Msifuge nguruwe kama kule kwenu, wala msitamani ulanzi. Mtaishi bila hivyo. Jirani akileta bakuli la wali wa nazi, msilirudishe tupu. Wala msione aibu kufanya ishara ya msalaba mnapokula. Mtu wa pwani humheshimu mtu wa dini anayeijua dini yake. Anayemshangaa ni yule asiye na sala.

SALA

Jumapili itakuwa ngumu kuliko siku zote sita. Makete kengele ililia na kanisa likajaa. Hapa padre yuko mbali, na maji yaweza kukataa siku hiyo. Basi nyumba yenu iwe kanisa. Someni masomo ya Jumapili, salini rozari, mwalikeni Mkristu mwingine ye yote aliyeko kazini karibu. Mkienda Kibiti kwa shughuli, tafuteni Misa na sakramenti kabla ya kutafuta dukani. Walio wawili wataikumbushana sala. Aliye peke yake, kwanza huacha rozari, kisha huacha Jumapili, na mwisho hajui aliacha lini.

JIBU

Sasa mnaweza kuona jibu langu. Waende pamoja. Na kama aliyepangiwa ni mke, muuguzi au mwalimu, mume amfuate, hata vijana wenzake wakimcheka. Ndoa changa ni kama mche wa mpunga uliokwisha kung'olewa kitaluni: ukipandikizwa upesi huota, ukikawia juani hukauka. Mume akaaye peke yake Mbwera huhesabu siku za uhamisho, wala hajifunzi mwezi wala majina ya watoto. Mke akaaye peke yake Makete huwa mgeni kwa wakwe na mgeni kwa mumewe. Na wa tatu anayepata hasara ni mtoto wa delta, ambaye kila akimzoea mwalimu, mwalimu anaondoka.

Nanyi wazazi, msiwapigie simu kila jioni kuuliza, "Mtarudi lini?" Ulizeni, "Jirani zenu hawajambo?" Watumieni viazi, msiwatumie majonzi. Kumbukeni Yosefu na Maria. Waliondoka usiku katika nchi ya vilima vya Bethlehemu wakaenda Misri, nchi ya jangwa na ya watu wa dini nyingine, na mtoto mchanga mikononi. Injili haisemi kwamba Yosefu alitangulia akamwacha Maria nyuma. Walikwenda pamoja, wakakaa mpaka walipoambiwa kurudi. Na katika siku zile zote, kule ugenini ndiko kulikokuwa nyumbani kwa Mtoto, kwa sababu baba na mama walikuwako wote wawili.