Oili Iliyopotea

Pikapu ya usharika wetu hapa Bombambili ni ya zamani, lakini ndiyo inayotufikisha mitaani na ndiyo inayobeba magunia ya mahindi ya sadaka ya mavuno. Kwa hiyo ilipoanza kupungukiwa oili, sikulichukulia jambo hilo kirahisi.

Kila Jumatatu asubuhi, injini ikiwa imepoa, nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha na kukichomoa tena. Alama ilikuwa inashuka. Katika wiki mbili tulilazimika kuongeza karibu lita nzima. Niliinama nikaangalia sakafu ya banda linapolala gari. Ilikuwa kavu, hakuna hata tone. Nikajiuliza: kama haivuji, inakwenda wapi?

Jibu nililitoa moyoni mwangu, si kwenye injini. Dereva wetu alikuwa kijana wa kwaya, na yeye ndiye aliyetunza dumu la oili. Nilikumbuka pia kwamba kaka yake anaendesha bodaboda. Nikaunganisha mambo. Kwenye kikao cha Baraza la Wazee nikasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba oili yetu ina mkono wa mtu. Sikutaja jina. Hapakuwa na haja, maana gari lilikuwa na dereva mmoja. Siku mbili baadaye kijana alileta ufunguo nyumbani kwangu. Akasema, "Shikamoo, Baba Mchungaji. Naomba nipumzike." Sikumwuliza kwa nini.

Nikaanza kuendesha mwenyewe, na dumu nikalifungia chumbani. Nilikwenda Namtumbo na kurudi, nikazunguka mitaani kama kawaida. Baada ya wiki mbili nilipima. Alama ilikuwa imeshuka vilevile.

Nilisimama na kile kijiti mkononi, nikaona aibu ingawa hapakuwa na mtu.

Siku hiyohiyo nililipeleka gari kwa fundi. "Mchungaji," aliniambia, "oili haina miguu. Ama inaungua, ama inaingia kwenye maji, ama inavuja." Aliwasha injini akaangalia moshi: haukuwa wa bluu, basi oili haikuwa inaungua. Alifungua rejeta: maji yalikuwa safi, hayana utando wa mafuta. Kisha akaingia chini ya gari na kuniita. Chini kote kulikuwa kumeganda vumbi jekundu lililolowa oili. Miezi yote ile mimi nilichunguza sakafu tu, sikuwahi kulala chali nikatazama juu.

Nilidhani atataja pale palipolowa zaidi. Akatikisa kichwa. Alisema gari likitembea upepo huisukuma oili nyuma, na yenyewe hushuka chini, kwa hiyo panapolowa si lazima pawe panapovuja. Kwanza tuoshe. Akaisugua injini kwa dizeli na brashi, akaiosha kwa maji ya sabuni, akaiacha ikauke, kisha akaipaka poda ya mtoto. Akaniambia niwashe, nikanyage mafuta kidogo. Baada ya dakika chache alimulika tochi: kwenye poda nyeupe kulikuwa na mstari mweusi, umeanzia kwenye swichi ya presha ya oili, kile kidude kidogo kinachowasha taa nyekundu kwenye dashibodi. Ilikuwa inavuja injini ikiwaka tu, presha inapopanda. Gari likizimwa, inakoma. Ndiyo maana sakafu ilikuwa kavu.

Nikamwuliza, "Na kama oili imeibwa?" Akajibu huku akifuta mikono, "Hilo huwa naliweka mwisho kabisa, nikishamaliza hayo matatu."

Mimi nilianza na la mwisho.

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa kipaimara Amri ya Nane. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, haishii kutukataza kumsingizia jirani. Anatutaka tumtetee, tumseme vizuri, na tuyape mambo yake maana iliyo njema. Niliyajua hayo tangu chuo cha theolojia. Hayakunizuia.

Jioni ile nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha kiti, naye kijana akaja akakaa. Nilimweleza yote, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimekusamehe, Baba Mchungaji. Lakini ufunguo sitauchukua." Na kwa sababu neno langu nililisema barazani, nilirudi barazani kulikiri mbele ya wazee walewale. Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Swichi mpya haivuji, na alama kwenye kijiti haishuki. Kijana amerudi kwenye kwaya, lakini gari linaendeshwa na mtu mwingine. Msamaha nimeupata, ila maji yakimwagika hayazoleki.

Mpendwa msomaji, huenda nyumbani kwako au katika jumuiya yenu kuna kitu kinachopungua: fedha, amani, au imani kati ya watu. Kabla hujamtazama mtu, mwombe Mungu aanze kwa kukuosha wewe, kama Daudi alivyoomba katika Zaburi ya 51. Kisha lala chali chini ya jambo lenyewe, ulitazame kwa tochi. Dhana ya wizi iweke mwisho.